Mtoto Asiyelia Akisukwa

Kabla sijaeleza habari za mtoto, inabidi nieleze nilivyokuwa najisifu, kwa sababu bila zile sifa kosa langu halieleweki.

Nasuka nywele Mbagala. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kutazama video, simu nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga, nikafanyia mazoezi kichwa cha mdoli, kisha kichwa changu, kisha kichwa cha yeyote aliyekubali kukaa. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana woga wa aina yake. Kila siku anasubiri atokee mwenye cheti, asimame mbele ya wateja na kusema, "Nani kakwambia inafanywa hivyo?" Ndiyo maana mistari yangu imenyooka kupita kiasi. Nikiona njia imepinda kidogo nyuma ya sikio, mahali ambapo hata mume wa mteja hapatazami, nafumua. Kuna kichwa niliwahi kukifumua mara nne, mwenyewe anakula chipsi zake taratibu kama mtu aliye msibani.

Katika kazi hii, hata hivyo, sifa kubwa si mistari. Ni mkono. Msusi ama ana mkono mzito ama ana mkono mwepesi. Mwenye mkono mzito atakupendezesha, lakini utalala kifudifudi siku tatu, na nyusi zako zitabaki juu kama umeshtushwa na habari. Mwenye mkono mwepesi ndiye anayeletewa watoto, na anayeletewa watoto wiki ya Idd na wiki ya kufungua shule hahitaji kubandika tangazo popote.

Mimi nilikuwa na mkono mwepesi. Nilikuwa na ushahidi, na ushahidi wangu tulikuwa tunaishi naye nyumba moja.

Alikuwa binti wa dada yangu, wa miaka minne na nusu. Dada anashona kwenye kiwanda cha nguo upande wa Chang'ombe. Anatoka alfajiri, anarudi jioni miguu imevimba. Mtoto alikuwa anashinda na mimi barazani, na baraza ndiyo saluni yenyewe: benchi, mkeka, kioo kilichopasuka pembeni na ndoo ya vitana. Ananiita mamdogo. Nilikuwa namkalisha katikati ya magoti yangu, namsuka kuanzia mwanzo hadi mwisho, naye hatoi sauti. Anatafuna kola ya gauni lake, anatazama watu wanaopita. Nikivuta, kichwa kinafuata mkono, kisha kinarudi mahali pake.

Nilihakikisha namsuka wakati benchi limejaa.

"Huyu mtoto halii?" mteja angeuliza, huku wa kwake ameanza kulia kabla hajaguswa.

"Halii. Ni mkono tu, dada yangu. Msusi akijua anachokifanya, mtoto halii."

Nikiikumbuka sentensi hiyo leo natamani kuingia kwenye ndoo ya vitana na kujifunika.

Mtu mwenye akili angeuliza: na wale wengine? Maana watoto wa wateja walikuwa wanalia mikononi mwangu kama kawaida, wengine wanalia hadi wanatapika. Lakini mimi nilikuwa na maelezo. Wale walikuwa na deko. Watoto ishirini waliolia niliwaona ni kasoro, na mmoja asiyelia nikamfanya kanuni.

Bibi mwenye nyumba yetu, mtu wa pwani hii hii, aliyezaliwa Mbagala wakati Mbagala bado ni mikorosho, alikuwa anapita kwenda dukani, anasimama kumtazama. "Huyu si mtoto," anasema. "Huyu mtu mzima karudishwa."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Msuke vizuri mwenzangu huyo."

Dalili zote zilikuwepo. Zilipita mbele yangu kila siku kama gwaride, na mimi nikazipigia makofi.

Uji ulikuwa unamkauka mashavuni na hajui. Kamasi zinafika mdomoni, hajui. Anavaa viatu vya kushoto kulia na kwenda navyo hadi dukani na kurudi, mawe madogo ndani, hatoi hata moja. Sisi tukasema hana kinyaa, tena hana makuu. Akianguka, anainuka na kuendelea alikokuwa anakwenda, goti linavuja damu, tukasema jasiri. Embe bichi la pilipili na chumvi, lile linalowatoa machozi watu wazima, alikuwa analila kisha analamba karatasi. Bibi mwenye nyumba akasema huyo damu ya Lindi kabisa, maana kwetu ni huko. Vijana wa ng'ambo ya uchochoro wakifungulia muziki wa singeli, yeye anakwenda kuweka shavu kwenye spika lenyewe, na hapo ndipo uso wake unachangamka, kama mtu aliyekuwa anaongeleshwa kwa kunong'ona kutwa nzima na sasa mtu mmoja ameamua kusema wazi. Wakati wa kulala anajisukumia kati ya godoro na ukuta hadi abanwe. Tukicheka, tunasema anapenda kubanana kama abiria. Na alikuwa anajikojolea mchana, siyo kwa uzembe. Unamwambia umelowa, anashika gauni na kushangaa pamoja na wewe.

Ukimwita, hageuki. Mara ya pili, hageuki. Hili peke yake ndilo lililonitia wasiwasi, kwa hiyo nikalifanyia uchunguzi wangu. Nilisimama nyuma yake na mifuniko miwili ya sufuria nikaigonganisha. Hakugeuka. Nikaigonganisha tena kwa nguvu hadi bibi mwenye nyumba akachungulia dirishani kuuliza nani kafa. Nilipokata tamaa na kuanza kurudisha mifuniko kabatini, mtoto akageuka polepole, akasema, "Mamdogo, tunapika?"

Basi, nikahitimisha, anasikia. Ana kiburi tu.

Sasa niungame jambo baya zaidi. Mimi ni msomaji. Sina elimu ya juu, lakini kila kitu kinachonitia wasiwasi nakisoma kwenye simu hadi macho yaume. Mwaka ule nilisoma makala ndefu kuhusu watoto na hisia zao. Ilieleza kwamba wapo watoto ambao mwili wao unapokea kila kitu kwa ukali kupita kiasi: mguso mdogo kwao ni kipigo, kitana kwao ni msumari. Nilifurahi mno. Hatimaye sayansi imekuja kunitetea! Kuanzia siku hiyo, mtoto wa mteja akilia, namweleza mama yake kwa sauti ya upole ya mtu aliyesoma: "Usimlaumu, hisia zake ni kali. Siyo mkono wangu."

Chini ya aya hiyo kulikuwa na aya nyingine, kuhusu watoto ambao mwili wao unapokea mambo kidogo mno. Niliipita. Niliona hainihusu, kwa kuwa watoto wa namna hiyo hakuna aliyewahi kunilalamikia.

Ilikuwa siku mbili kabla ya Idd. Benchi lilijaa, wengine wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Nilikuwa nimemsuka mtoto rasta ndefu kwa ajili ya picha, niipige kisha niitume kwa wateja wote kama salamu za sikukuu. Rasta zikishasukwa, ncha zake huchovywa kwenye maji ya moto ili zijifunge na zilale vizuri. Kila msusi anajua taratibu zake: taulo nene mabegani, jagi likae mbali na mgongo, na ncha zikitoka kwenye maji unazikamua kwa kitambaa kabla hujaziachia. Mimi taulo nilikuwa nimeliondoa. Lilikuwa limechakaa na lingeharibu picha.

Nikachovya fungu la kushoto, nikaliachia. Likalala mgongoni kwake, linachuruzika ndani ya gauni. Maji yalikuwa yametoka kwenye chupa ya chai muda ule ule.

"Imekuunguza?"

"Hapana," akasema.

"Safi." Nikachovya fungu la kulia.

Hivyo ndivyo nilivyopima joto la maji: kwa ukimya wa mtoto ambaye sikuwahi kumsikia akilia. Picha ilitoka vizuri. Wateja walituma mioyo.

Jioni dada alirudi, akaanza kumwogesha mtoto uani. Nilikuwa nafagia nywele nilipomsikia.

"Wewe! Hebu njoo hapa. Njoo haraka!"

Malengelenge mawili, moja kila upande wa uti wa mgongo, yamelingana kwa ukubwa na kwa umbali. Hata katika kumuunguza mtoto nilikuwa nimezingatia ulinganifu.

"Nani kamfanya hivi mwanangu?"

Nilitafuta mtu wa kumsingizia, nikakosa. "Maji ya rasta," nikasema. "Lakini nilimuuliza. Alisema hapana."

"Ulimuuliza! Mtoto wa miaka minne unamuuliza kama uko polisi unaandika maelezo?"

"Sasa mimi ningejuaje? Hakulia."

"Huyu lini ulimwona akalia?"

Dada alikuwa amelisema kwa hasira, lakini nikaona linamrudia na kumkalia usoni. Mtoto mwenyewe alikuwa ameinama ili tuone vizuri, anatafuna pembe ya taulo.

Bibi mwenye nyumba akatokea na dawa ya meno, ameshaifungua. "Pakeni hii, inavuta moto."

"Bibi, subiri kwanza, tunakwenda zahanati."

"Nendeni, lakini pakeni kwanza hii."

Hatukupaka. Zahanati muuguzi alisafisha vidonda, akavifunga, na muda wote huo mtoto alikuwa anageuza shingo kutazama kinachofanyika huko nyuma, kama mtu anayefuatilia fundi akitengeneza kiti. Muuguzi akasimamisha mkono.

"Huyu haumii?"

"Jasiri huyo," dada akajibu kwa mazoea. "Tangu mdogo. Hata chanjo hakuwahi kulia."

"Dada, mie nimefunga vidonda vya mabaunsa wakaniita mama. Huyu siyo jasiri. Mpelekeni hospitali akaangaliwe."

Tuliporudi niliifungua ile makala, nikasoma aya niliyoipita. Uji mashavuni ulikuwemo. Viatu vilikuwemo. Kuitwa mara tatu, kupenda kubanwa, ladha kali, kelele kubwa, kujilowesha bila kujua, maumivu yasiyoonekana. Ilikuwa kama mtu alikaa barazani kwetu mwezi mzima akiandika. Nikampelekea dada simu.

"Ondoa hiyo simu yako," akasema. "Mtoto akilia, tatizo. Asipolia, tatizo. Nyie wasomi wa kwenye simu mnataka mtoto afanyeje, acheke na kulia kwa zamu?"

"Soma tu."

"Sisomi. Mwanangu hana ugonjwa. Wewe ndiye una ugonjwa wa kutafuta magonjwa."

Hakuwa mbali na ukweli. Lakini kesho yake asubuhi, akiwa ameshavaa kwenda kazini, nilimwona amesimama nyuma ya mtoto aliyekuwa anachora vumbini. Alimwita kwa sauti ya kawaida. Akamwita tena. Mara ya nne alimwita kwa sauti ndogo sana, kama hataki jibu. Kisha akachukua mkoba wake.

"Jumatatu naomba ruhusa kazini," akaniambia, bila kunitazama.

Hospitali daktari alimchunguza, akapanga apimwe masikio na neva, kisha akatupeleka kitengo cha utengamao, yaani cha mazoezi ya tiba, kwa dada mmoja anayefanya kazi na watoto wenye shida za kukua. Alikuwa na kalamu iliyotafunwa na mdomo umejaa karanga. Sakafuni kwake kulikuwa na matairi, mito na mpira mkubwa kuliko mtoto. Mtoto akaenda moja kwa moja kuuvamia mpira kwa kifua.

Nilikuwa nimeandaa daftari la maelezo. Hakuliomba. Akamgeukia dada yangu.

"Akichomwa sindano?"

"Halii hata kidogo."

"Akianguka?"

"Anainuka mwenyewe. Hasumbui."

"Akila?"

"Anakula chochote. Pilipili anaila kama..." Dada akasita. "Anaila."

"Akiitwa?"

"Anaitika." Akamtazama mtoto. "Ukimgusa."

Majibu yalizidi kuwa mafupi. Yalikuwa yale yale aliyokuwa anayasema kiwandani kwa fahari wenzake wakilalamikia watoto wao, na sasa yalikuwa yanaandikwa moja moja kwenye karatasi.

"Kwa hiyo miaka yote hii," dada akasema, "mie nilikuwa nasifia ugonjwa?"

"Sijasema ugonjwa, na sitakupa jina leo. Tusubiri vipimo." Akameza karanga. "Lakini ninachokiona ni hiki: taarifa zinamfikia huyu kwa kunong'ona. Joto, maumivu, mkojo, jina lake. Wewe na mie mwili unatupigia kelele. Yeye unamnong'oneza, tena umechelewa. Ndiyo maana anatafuta vitu vikubwa, spika, pilipili, kubanwa. Hapo angalau anasikia."

"Anaanza darasa la awali Januari," dada akasema. "Darasa lina watoto wengi. Nani atamfunua mgongo?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Nyumbani tungeweza kuwa macho yake. Shuleni, mtoto asiyelia ni mtoto ambaye mwalimu anamshukuru Mungu kwa ajili yake na kumgeukia mwingine. Tulikuwa na miezi tisa ya kumfundisha kusema "naumia", yeye ambaye habari hiyo ilikuwa haimfikii vizuri.

Tukapewa kazi za nyumbani. Mguse bega kabla ya kumwita. Mpe vitu vizito abebe. Mbane kwa mito akitaka. Kila jioni mkague mwili, na mtaje pamoja mlichokiona. Maji yapime kwa kiwiko chako, usiyapime kwa mtoto. Hili la mwisho alilisema akinitazama mimi.

Nikaenda nyumbani nikafanya kile nikijuacho. Nilichora ratiba kwa rula: safu saba, kalamu nne za rangi. Saa mbili kubanwa, saa tatu kubeba chupa za maji, saa nne kusukuma ndoo. Niliiandika upya mara tatu kwa sababu ya mstari mmoja. Mtoto aliipenda sana. Aliibandua ukutani akatafuna pembe yote ya Ijumaa. Tuliporudi kitengoni niliwasilisha daftari langu kwa mikono miwili.

"Mwandiko mzuri," yule dada akasema, akafunua kurasa. "Anacheza saa ngapi?"

Hakukuwa na safu ya kucheza.

Vipimo vilirudi, masikio mazima, na kwenye neva daktari hakuona cha kumtisha. Tuendelee na mazoezi. Mtoto alianza kugeuka mara ya pili badala ya ya nne. Mkojo aliuwahi siku nyingine, siku nyingine ulimuwahi yeye. Lakini lile jambo lenyewe halikusogea. Tukimkuta na jeraha jioni na kumuuliza, "Hapa panauma?" jibu lilikuwa lile lile. "Hapana." Haraka, kwa adabu, bila hata kupatazama.

Sikuelewa mpaka siku aliponisuka yeye.

Yule dada wa kitengo alikuwa ametuambia tubadilishane naye kazi, afanye yeye, ajue nguvu ya mikono yake. Nikakaa mkekani, yeye kwenye benchi, kichwa changu katikati ya magoti yake. Wateja wawili wanacheka. Akashika nywele zangu akavuta. Sijawahi kuvutwa hivyo na mtu yeyote mwenye cheti au asiye nacho. Machozi yalinitoka.

Akasimama kidogo, akauliza kwa sauti yangu kabisa, ile sauti ya saluni: "Pole, nakuumiza?"

"Hapana," nikasema. "Endelea."

Neno lilitoka lenyewe. Nikalisikia baada ya kulitoa. Nikageuka nikawatazama wateja wangu, na pale mkekani nikaona miaka mitatu ya kazi yangu. Kila mwanamke aliyekaa kati ya magoti yangu, ngozi ya paji imevutwa hadi macho yamekuwa membamba, nimemuuliza, "Pole, nakuumiza?" na kila mmoja, shahidi mtoto aliyekaa pembeni anatafuna kola, amejibu, "Hapana, endelea." Ndivyo watu wazima wanavyojibu. Kusema ndiyo ni kumwambia msusi hajui kazi, na nani anataka kumwambia hivyo mtu aliyeshika nusu ya kichwa chake?

Mtoto ambaye mwili wake ulikuwa unamnong'oneza alikuwa amejifunza kutoka kwetu kwamba hata ukisikia kitu, jibu ni hapana. Siku ile ya maji ya moto hakunidanganya. Alinijibu kama mteja.

"Sema kweli," nikamwambia, ingawa maneno yalikuwa yananihusu mimi. "Kweli ni kwamba inauma. Inauma kama kamba."

"Kama kamba?"

"Kama mtu kanifunga kamba kichwani."

Akalegeza. "Na hivi?"

"Hivi kama uzi."

Akacheka. Akavuta tena kwa makusudi. "Hivi?"

"Kamba! Kamba, mwanangu, nakufa!"

Hapo ndipo tulipoanzia. Nilikuwa nimeshajaribu maneno ya kupimia maumivu, kidogo, wastani na sana, na vikatuni vya nyuso, hakuvitaka. Uzi na kamba alivitaka kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anavuta. Ukawa mchezo, na mchezo una masharti, na sharti mojawapo, alilitunga mwenyewe, lilikuwa kwamba kila anayekaa mkekani lazima aseme uzi au kamba. Kila anayekaa, pamoja na wateja.

Nilijaribu kuwalinda wateja na sharti hilo, yaani nilijaribu kujilinda mimi. Haikuwezekana. Alikuwa anasimama mbele yao, mikono kiunoni.

"Mamdogo anakuvuta. Uzi au kamba?"

"Uzi, mwanangu," mteja wangu wa siku nyingi akasema, kwa adabu.

Mtoto akamtazama macho yalivyovutika. "Wewe unasema uongo."

Benchi zima likacheka. Yule mama naye akacheka, akajishika kichwa. "Haya, kamba. Tena siyo leo. Huyu ananifunga kamba tangu mwaka juzi."

"Mbona hukusema?" nikauliza.

"Ningesemaje? Kila nikitaka kusema, namwona huyu mtoto hapa ametulia. Nikajiambia, mie mtu mzima nilie, mtoto kanyamaza?"

Kumbe ushahidi wangu ulikuwa umewanyamazisha wote. Nina mkono mzito. Naandika hapa ili iwepo mahali: nina mkono mzito, na nimekuwa nao siku zote. Wateja watatu waliondoka mwezi ule, wakasema watarudi, na sijawaona. Waliobaki nawasuka kwa kulegeza, na mistari yangu si ile.

Wiki ya kufungua shule nilimsuka mtoto twende kilioni, mistari ya kurudi nyuma, msuko wa kawaida wa mwanafunzi. Nilikuwa kwenye mstari wa tano, nyuma ya sikio la kushoto, ndio mstari ambao siku zote unanishinda, nikakaza kidogo tu ili unyooke.

"Kamba," akasema.

Sikuamini. "Unacheza au kweli?"

Akafikiri. Alichukua muda, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chumba cha pili. "Kweli kidogo," akasema.

Nililegeza. Mstari ukapinda, na ukabaki umepinda. Nimeutazama kwa nyuma kila alipokuwa anavaa sare wiki ile, na sitadanganya kwamba nilikuwa na amani.

Siku yake ya tatu shuleni dada aliwahi kurudi. Alikuwa amekwisha kumwambia mwalimu habari zote, mwalimu akaitikia na kusema mtoto huyu ndiye mtulivu kuliko wote, hana tatizo lolote. Dada alirudi na jibu hilo kama mtu aliyekabidhiwa barua ya msiba. Akamkalisha mtoto uani kwa ukaguzi wa jioni, akaanza na mgongo, ambako yapo makovu mawili yaliyolingana.

"Siyo huko," mtoto akasema.

Dada akasimama. "Nini?"

Mtoto akavua kiatu mwenyewe, kiatu kipya cha shule, akainua mguu. Kisigino kilikuwa kimechubuka hadi nyama inaonekana. Kidonda kilikuwa cha kutwa nzima. Habari ilikuwa imechelewa sana, lakini ilikuwa imefika.

"Hapa," akasema. "Kamba."

Dada aliushika mguu ule akauweka mapajani, akainama juu yake, mabega yanatikisika. Mimi nilisimama na beseni la maji niliyokwisha kuyapima kwa kiwiko mara mbili, sijui niliweke wapi.

Mtoto akamwinamia mama yake amtazame usoni. "Mama, unaumia?"

"Hapana," dada akasema.

Nilimkoholea. Akainua uso, akanitazama, akamtazama mtoto.

"Ndiyo," akasema. "Kamba."

Mtoto akaitikia kwa kichwa kama muuguzi aliyepata alichokuwa anakitafuta. Akainuka, akachechemea kidogo, mara ya kwanza kumwona akichechemea, akaenda kugonga mlango wa bibi mwenye nyumba kuomba dawa ya meno.